Ng'ombe mdogo, chai nzito: miaka mitatu na nusu na Jersey kwenye nusu ekari

Wanaokunywa chai kwangu pale steji ya Chavakali huniuliza swali moja kila mara: "Mama, haya maziwa unayatoa wapi?" Nikiwajibu "kwa Njoro," wageni hudhani ninamaanisha Njoro ya Nakuru. Njoro ni ng'ombe wangu. Tulimpa jina hilo kwa kuwa huko ndiko tulikomnunua Februari 2022, akiwa mtamba wa Jersey mwenye mimba ya miezi mitano. Tangu hapo nimeeleza habari zake kwa watu wengi, mmoja mmoja, huku nikimimina chai, na sijawahi kuzimaliza. Leo nimekaa nikaziandika: bei, chakula, maziwa, na yale ambayo muuzaji hakuniambia.

Nianze na shamba, kwa sababu ndilo lililoamua. Tuna nusu ekari. Humo mna nyumba ya mama mkwe, yetu, jikoni, choo, migomba, mboga na mahindi. Hii ni Vihiga, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba ya kaunti yetu, kwa hiyo mahali pa kuchungia hakuna. Ng'ombe hukaa zizini na majani humfuata huko, mara nyingi kichwani mwa mwanamke. Jirani yangu ana Friesian mkubwa, mzuri, maziwa anatoa. Lakini ikifika Januari, mama huyo huondoka alfajiri kutafuta majani ya kununua mpaka upande wa Mudete, na akirudi shingo inamuuma hadi usiku. Nimemwona hivyo miaka mingi. Nilipoanza kuweka pesa za ng'ombe sikuuliza ni yupi mwenye maziwa mengi. Niliuliza ni yupi atakayeshiba kwa majani yangu mwenyewe.

Mama mkwe alitaka zebu wa kienyeji. Hoja zake zilikuwa za kweli: ni mdogo, hali sana, na kupe hawamwangushi ovyo kama wanavyomwangusha ng'ombe wa gredi. Lakini zebu wa kwetu ninaowajua hukamuliwa lita moja au mbili kwa siku, na kibanda changu wakati huo kilikuwa kinataka lita nane kila asubuhi. Tulizungumza jioni nyingi, naye hatimaye akasema, "Basi mwanangu, tafuta mdogo wa gredi, mimi nitamkatia majani."

Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu ng'ombe wa Dexter, wa kule Ireland, wanaomfika mtu kiunoni na kuwa na uzito wa kilo 300 na kitu. Nikaanza kuuliza sokoni kama kuna ng'ombe wa aina hiyo huku kwetu. Hapo ndipo nilipokaribia kupoteza pesa zangu. Dalali mmoja alinipigia kwamba ana "mini" amefika sokoni, nije haraka kabla hajachukuliwa. Nilimkuta mtamba mweusi na mweupe, kimo cha mbuzi mkubwa na kidogo juu yake, tumbo limejaa, manyoya yamesimama. Dalali akasema ana miaka mitatu, amekomaa, hataongezeka tena, ndivyo uzao wake ulivyo.

Shemeji yangu, ambaye ameshika ng'ombe tangu utotoni, hakubishana naye. Alimkamata mtamba puani kwa vidole viwili, akaingiza gumba pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, akavuta mdomo wa chini. Meno nane madogo, membamba, yamepangana kama punje za mahindi machanga. "Shemeji, njoo uangalie," akaniambia. "Ng'ombe huanza kung'oa meno ya utoto akikaribia miaka miwili, na huanza na yale mawili ya katikati. Wa miaka mitatu angekuwa na meno manne au sita mapana hapa mbele." Akaachilia mdomo, akampapasa mtamba shingoni, tukaondoka. Yule alikuwa ndama wa Friesian aliyenyimwa maziwa na kujaa minyoo. Udogo wa njaa si udogo wa ukoo. Mtamba wa namna ile akipandishwa, nyonga zake ni nyembamba, na siku ya kuzaa unaweza kumpoteza yeye na ndama. Ukiambiwa kuna "mini" mahali, fungua mdomo kabla hujafungua mkoba.

Baadaye nilisoma pia kwamba hao Dexter wenyewe wana lao. Baadhi yao wamebeba urithi wa miguu mifupi, na wakipandishwa wawili wanaoubeba, ndama mmoja kati ya wanne huharibika tumboni. Basi nikaacha kutafuta ng'ombe wa ajabu, nikatafuta uzao wa kawaida ambao ni mdogo kwa asili yake. Huyo ni Jersey. Jike aliyekomaa huwa na kilo 350 hadi 450, wakati Friesian hupita 550. Walitoka kisiwa kidogo kiitwacho Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa, na mwaka 1789 wenye kisiwa walipiga marufuku kuingiza ng'ombe wa nje, ndiyo maana uzao umebaki ulivyo. Nilifurahi kujua hivyo. Ni ng'ombe aliyelelewa na watu wenye ardhi finyu.

Shamba nililomnunua liko nje kidogo ya Njoro, na jina lake naliacha kwa sababu lina mazuri yake na lina kosa lake. Mazuri kwanza. Waliniruhusu nilale kwa binamu yangu Nakuru na kurudi, nikashuhudia mama yake mtamba akikamuliwa jioni, kisha asubuhi. Walikuwa na daftari lenye tarehe ya kuzaliwa, fahali aliyempa mbegu mama, na siku mtamba alipopandishwa. Muuzaji akikataa umwone mama akikamuliwa, mshukuru, urudi nyumbani. Bei ilikuwa shilingi 145,000, wakapunguza 3,000 tu baada ya chai mbili. Lori dogo, kanta, nilishirikiana na mzee mmoja wa Kakamega, fungu langu likawa 14,000. Mifugo haisafirishwi usiku na lazima uwe na kibali cha afisa wa mifugo cha kutoka kaunti moja hadi nyingine, kwa hiyo tuliondoka asubuhi, tukapita Kericho, Ahero, Kisumu, tukapanda Kiboswa hadi Majengo, tukafika nyumbani jua likiwa linazama. Njoro alishuka miguu ikitetemeka, akanywa mtungi mzima wa maji, akalala.

Sasa kosa. Niliuliza kuhusu chanjo, nikajibiwa, "Mama, huyu amechanjwa kila kitu." Sikuuliza tena. Siku ya 18 mama mkwe aliniita: mtamba amegoma kula. Nilipompapasa chini ya sikio nilikuta tezi imevimba, ngumu, ukubwa wa limau. Daktari wa mifugo akapima joto, 41.2. Ilikuwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe wa masikio ambao wengi wetu huuita tu East Coast. Akamdunga siku hiyo, akamdunga tena baada ya siku mbili, na nilikaa usiku zizini nikimsikiliza anavyopumua, kwa sababu ugonjwa huu huua kwa kujaza maji mapafuni. Alipona, na mimba ikabaki. Gharama ilikuwa 5,500. Nilipowapigia simu wale wa shamba waliniambia kwa upole kabisa kwamba kule kwao kupe ni wachache, kwa hiyo chanjo hiyo huwa hawaweki.

Hapo ndipo penye hatari ya kununua ng'ombe nyanda za juu na kumteremsha huku. Kule anaoshwa kwa dawa ya kupe kila wiki na kupe hawamjui, kisha anakuja kwetu mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa. Chanjo ipo, ilibuniwa hapa hapa Kenya, Muguga: ng'ombe huchomwa vimelea vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvizuia, siku hiyo hiyo, mara moja tu maishani. Aliyechanjwa huvishwa hereni ya sikio. Kama hereni hakuna na karatasi hakuna, hesabu kwamba chanjo hakuna, hata kama anayekuambia ni mtu mzuri. Mpe chanjo angali kule kwa muuzaji, ulipe wewe, umchukue baada ya mwezi.

Alizaa Juni 2022, peke yake, usiku, bila kuvutwa. Hili ni jambo ambalo Jersey nampa alama zote. Ndama wao ni wadogo na mama zao huwasukuma bila taabu.

Kuhusu majani nitasema kwa urefu kidogo, maana ndiyo sababu ya kumnunua. Nepia yangu ya zamani iliharibiwa na ugonjwa wa kudumaa ambao umetusumbua sana upande huu wa magharibi. Unaikata, inachipuka ya njano, fupi, majani membamba, na mwisho shina zima linakufa. Wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye majani ndio wanaousambaza. Niling'oa karibu yote. Badala yake nilipanda kwa ule mtindo waliofundisha watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kutoka Mbita: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde wa kulisha mifugo, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za brakiaria kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wa mabua, majani ya pembeni huwavuta huko nje, na mizizi ya desmodiamu huikomesha kayongo, gugu lililokuwa likinyonya mahindi yangu mpaka yanakuwa kimo cha goti. Kwa hiyo shamba lile lile linanipa mahindi na chakula cha Njoro. Kwenye ua nimepanda kaliandra, mti mdogo wa majani ya mifugo. Kilo tatu za kaliandra mbichi hukaribia kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na gunia la dukani sasa linapita shilingi 3,000.

Nilipima kwa mizani ile ya kupimia mahindi, wiki nzima. Njoro, ambaye utepe wa kupimia uzito kifuani unasema ana kilo 350 hivi, anakula kilo 40 za majani mabichi kwa siku, pamoja na kilo tatu za kaliandra na kilo mbili hadi tatu za chakula cha dukani wakati wa kukamuliwa. Maji ni mitungi mitatu ya lita 20. Jirani alikubali tupime na ya Friesian wake, na majani peke yake yalikaribia kilo 70. Kwa kichwa cha mwanamke hiyo ni mizigo miwili kwangu, na kwake ni mitatu na nusu. Mara 365. Tulipomaliza kupima alikaa juu ya jiwe, akaniangalia, akasema, "Kumbe ndiyo maana wewe unaenda kanisani mapema."

Maziwa nayo nimeyaandika kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Uzao wa kwanza alifika lita 11 kwa siku, wa pili 13. Friesian wa jirani alifika 18. Kwa hiyo anayehesabu lita tu ataona nimepoteza, na ikiwa kazi yako ni kumuuzia mchuuzi wa mtungi, naye anakulipa 60 au 65 kwa lita bila kujali yana mafuta kiasi gani, sitakudanganya: Jersey hatakulipa vizuri kama Friesian aliyeshiba. Neno ni hilo, aliyeshiba.

Mimi siuzi lita. Nauza vikombe. Maziwa ya Friesian yana mafuta karibu asilimia 3.5, ya Jersey karibu asilimia 5, na tofauti hiyo unaiona kwenye sufuria. Yangu kubwa inachukua lita 16 za chai. Zamani niliweka maziwa lita nane na maji lita nane, na bado kuna wazee waliosema chai imekuwa nyepesi. Kwa Njoro naweka maziwa sita na maji kumi. Majani ya chai ni yale yale, tangawizi ni ile ile. Ikichemka inapanda taratibu, nzito, rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua, na ukiiacha dakika mbili inashika utandu wa njano unaokunjika ukiuvuta kwa kijiko. Kuna dereva wa matatu ya Kapsabet ambaye huniomba nimwekee ule utandu juu ya andazi. Lita mbili ninazookoa kila asubuhi zimekuwa mala, ambayo naiuza mchana kwa kikombe, na nyumbani mboga zetu zimerudi kupikwa kama alivyopika bibi yangu: mrenda na kunde kwa maziwa, si kwa mafuta ya kukaangia. Mama mkwe hutikisa maziwa ya Jumamosi kwenye kibuyu chake na kupata samli ya wiki. Kwa ng'ombe wa jirani alikuwa akitikisa mpaka mkono unachoka.

Zizi lilikuwa kosa langu na fundi wangu. Alichukua vipimo vya zizi la Friesian: kitanda cha mita 2.1 kwa 1.2. Nikaona nimempa Njoro nafasi, nikafurahi. Lakini ng'ombe mdogo kwenye kitanda kikubwa hujisogeza mbele kabisa, au hulala kimshazari, kisha kinyesi kinaangukia pale pale anapolalia. Kila asubuhi nilimkuta kiwele kimepakwa. Mwezi wa pili chuchu ya nyuma ya kushoto ikatoa maziwa yenye mabonge. Ilikuwa ugonjwa wa kiwele, na siku sita za maziwa nikamwaga kwa sababu ya dawa. Daktari alisimama nyuma ya zizi, akamtazama anavyolala, akamwambia fundi ausogeze nyuma sentimita 30 ule mti wa mbele unaomzuia shingoni. Kazi ya saa moja, misumari minne. Kesho yake kinyesi kilikuwa kwenye njia, kitanda kikavu. Ukijenga, mpime ng'ombe wako mwenyewe akiwa amelala, usipime wa jirani.

Ndama dume ndiye hasara ya Jersey ambayo watu hawaisemi. Yule wa kwanza alikuwa dume. Bucha mmoja alikuja, akamzunguka, akasema ana mfupa mwembamba na nyama yake ina mafuta ya njano ambayo wateja huikataa wakidhani ni ya ng'ombe mzee. Nilimuuza wa miezi tisa kwa 14,000, mwezi ule ule jirani akauza wa kwake wa Friesian kwa 25,000. Na usifikirie kumbakiza uwe na fahali wako. Fahali wa Jersey ni mdogo kwa mwili lakini ni mkali kuliko fahali wa gredi wengi, na nyumbani kuna watoto. Kuanzia hapo tunapandisha kwa sindano, na mara ya pili nililipa karibu 6,000 kwa mbegu zilizochaguliwa za jike, ambazo ndama tisa kati ya kumi huwa jike. Agosti 2023 akazaliwa mtamba. Kwetu hapakuwa na nafasi ya wawili, kwa hiyo analelewa kwa dada yangu Luanda.

Oktoba 2024, uzao wa tatu. Alizaa jioni, salama, tukashukuru. Saa kumi na moja alfajiri nikaenda na ndoo nikamkuta amelala kifudifudi, shingo imepinda, kichwa kimelazwa ubavuni kama mbwa aliyelala. Nilimwita, hakugeuka. Masikio yalikuwa baridi kama bati la asubuhi, pua kavu, macho yanaangalia bila kuniona. Mama mkwe akashika mdomo. Nilidhani nimempoteza.

Daktari alitoka Mbale kwa bodaboda. Hakuuliza mengi, aliangalia shingo ile, akauliza amezaa lini, akasema ni homa ya maziwa. Ng'ombe akizaa, kiwele huvuta kalsiamu ghafla kutoka kwenye damu, misuli inakosa nguvu, na mwisho moyo nao ni msuli. Jersey hupatwa nayo kuliko wengine wengi, hasa kuanzia uzao wa tatu. Aliniomba maji ya moto. Nilileta sufuria yangu ya chai, akatumbukiza chupa ya kalsiamu mpaka ikawa vuguvugu kama mwili, kisha akaiunganisha kwenye mshipa wa shingo, akaishika juu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akashikilia kipimo cha moyo kifuani. Taratibu sana. Akisikia moyo unakwenda vibaya anabana mpira, anangoja, anaachilia. Chupa ilipofika nusu Njoro alicheua. Ilipokaribia kwisha ngozi ya mabega ikaanza kutetemeka, kisha akatoa kinyesi, akageuza kichwa, akamtafuta ndama. Kabla ya saa moja kupita alikuwa amesimama. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Daktari nilimlipa 4,500 na kumnywesha chai.

Ukitaka nimpe alama, nampa nane kwa kumi. Moja nimeiondoa kwa ndama dume, moja kwa asubuhi ile. Kwa mtu mwenye robo au nusu ekari, anayekunywa na kupika na kuuza kikombe, mwenye daktari wa mifugo anayeweza kufika ndani ya saa moja, sijaona anayemfaa zaidi. Kama daktari wenu anakaa mbali na pikipiki haifiki wakati wa mvua, ningechukua chotara wa zebu na Jersey, nikubali maziwa yapungue, nilale usingizi.

Januari 2025 alipandishwa tena, na ataniletea ndama mwezi wa kumi. Sasa ni Agosti, nimemwachisha kukamuliwa ili apumzike miezi miwili. Daktari amenielekeza kwamba wiki tatu za mwisho nimpunguzie desmodiamu na kaliandra, nisimpe chumvi yenye kalsiamu, ili mwili wake ujizoeze kuitoa mifupani kabla ya siku yenyewe. Chupa mbili za dawa nimeshazilipia, ziko kwake. Kibandani napikia maziwa ya jirani, lita nane kwa nane kama zamani. Sikumwambia mtu. Siku ya pili tu yule dereva wa Kapsabet alionja, akaweka kikombe mezani, akaniuliza, "Mama, Njoro mgonjwa?"